Vyungu Vitano Nilivyovipika

Atupele, aliyepokea funguo zangu za maabara mwezi uliopita, aliniomba nimwandikie mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye orodha ya vifaa. Nilimwambia mimi naandika polepole. Akanijibu, "Andika tu, Mzee Amba, hata mimi nasoma polepole." Huo ni uongo, maana ana stashahada, lakini ulikuwa uongo wa heshima, nikaupokea. Haya yamenichukua wiki tatu. Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Yaliyopanda yalikuwa machache, na mke wangu anayajua yote.

Niliingia shuleni nikiwa na miaka kumi na tisa na panga mkononi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwetu Njisi, nikalima mpunga na baba miaka michache, kisha nikasikia kuwa shule ya sekondari inatafuta mtu wa kufyeka nyasi. Nilikuwa na aibu sana. Sikuweza kumsalimia mwalimu bila kuangalia vidole vya miguu yangu, na walimu wengine walinijua kwa utosi kabla ya kunijua kwa uso. Siku ya tatu nilikuwa nafyeka chini ya madirisha ya maabara, mzee mmoja akatoa kichwa nje. Alikuwa Mzee Asajile, mhudumu wa maabara.

"Wewe mwenye panga, unajua kuosha vyombo?"

"Najua, mzee."

"Vya nani?"

"Vya mama."

"Mama yako ana vyombo vya kioo?"

"Hana."

"Basi njoo ujue."

Akanipa beseni lililojaa mirija ya kioo ya majaribio na brashi nyembamba kama mkia wa panya. Niliosha mpaka kengele ya chakula. Nilipomaliza akaihesabu, akainyanyua mmoja mmoja kwenye mwanga, akasema, "Kesho usije na panga."

Wanafunzi walipoingia maabara nilikuwa najificha stoo. Mzee Asajile aliniacha nijifiche wiki nzima. Jumatatu iliyofuata nilikuta stoo imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake, na kidato cha tatu chote kinaingia mlangoni. Nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika mizani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Hakuna aliyenicheka. Hakuna hata aliyeniangalia. Ndipo nilipojua kuwa watu wana shughuli zao, na jambo hilo limenisaidia maisha yangu yote.

Mwandiko wangu wa polepole ndio ulionipa kazi ya kwanza yenye jina. Mzee Asajile aliandika kwa haraka, na lebo zake hata yeye mwenyewe alizisoma kwa kunusa chupa. Akanipa karatasi za kubandika na kalamu. "Wewe unakawia," aliniambia, "kwa hiyo unakiona unachokiandika." Alinifundisha kubandika jina kabla ya kumimina. Alikuwa na kovu kwenye kidole gumba, limetokana na chupa isiyo na jina, na kila mwaka aliwaonyesha kidato cha kwanza kovu hilo kama watu wanavyoonyesha picha ya harusi. Alipostaafu aliniachia funguo, kovu akaenda nalo.

Ikapita miaka, ikaja barua. Shule zilitakiwa kupeleka timu za wanafunzi watatu watatu kwenye mashindano ya utafiti, Mbeya. Barua ilisomwa kwenye kikao, na kila mwalimu akakumbuka kuwa ana vipindi vingi. Mkuu wa shule akauliza, "Ufunguo wa maabara anao nani?" Wote wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimeingia kuleta chai. Hivyo ndivyo mtu wa darasa la saba alivyokuwa mwandaaji wa timu za utafiti. Mwalimu alikuwepo kila mwaka kwa ajili ya kusahihisha na kusaini, lakini kuwaita, kuwapanga, kuwaandikia wazazi barua, kuwatafutia vifaa na kuwafikisha Mbeya wakiwa na viatu viwili kila mmoja, ilikuwa kazi yangu.

Mwaka wa kwanza nilichukua watatu waliokuwa wakiongoza darasani. Kosa. Walibishana mwezi mzima ni mwandiko wa nani utumike. Baada ya hapo nikawa nachagua hivi: mmoja anayeongea, mmoja anayepima, na mmoja asiyeamini. Wa kuongea utampata hata ukifumba macho. Wa kupima utamjua kwa rula yake, haijakatika pembe. Asiyeamini ndiye wa shida, kwa sababu mpaka kidato cha pili anakuwa ameshaadhibiwa kwa kuuliza maswali na ameacha. Inabidi umtafute mapema.

Nilikuwa na kaunta buku moja kubwa kwa kila timu. Kila kipimo kiliingia humo siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino. Watoto wanapenda penseli kwa sababu inafutika, nami nilikataa penseli kwa sababu hiyohiyo.

Tulikuwa na timu ya kakao. Walitaka kujua punje zikivundikwa kwenye majani ya mgomba kwa siku ngapi zinatoka na harufu nzuri zaidi. Utafiti mzuri, wa kwetu kabisa. Ila mtoto yeyote wa Kyela anajua kuwa punje mbichi ya kakao ina utandu mweupe mtamu. Siku ya nne wakaandika kwenye kitabu: "Sampuli ya tatu imepungua kwa sababu zisizojulikana." Sababu zilikuwa zimekaa dawati la mbele zinajilamba vidole. Tangu siku hiyo, timu yoyote yenye kitu cha kuliwa nilikuwa nainunulia kwanza kingine cha kula.

Timu nyingine ilikwenda Kasumulu, mpakani, kuwauliza madereva wa malori wanalala kwa saa ngapi kila usiku. Wakaenda na sare za shule, kalamu mkononi, sura zimekunjwa. Kila dereva akajibu kuwa analala kwa saa nane kamili. Mmoja alijibu hivyo huku amelalia usukani saa nne asubuhi. Walidhani watoto wametumwa na wakubwa. Wiki iliyofuata tulirudi bila sare, tukasalimia, tukakaa, tukanunua ndizi, hatukuuliza chochote. Tuliuliza siku ya tatu, na majibu yakawa mengine kabisa. Atupele, usiwapeleke watoto kuuliza watu maswali siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya salamu.

Sasa nifike kwenye vyungu, maana najua ndivyo ulivyokuwa unavisubiri. Walimu wamekusimulia nusu nusu.

Timu ya mwaka ule ilikuwa na Lusajo, kijana wa Katumba Songwe, mwongeaji. Bupe, binti asiyeamini hata kengele mpaka aangalie saa. Na Neema, mpimaji. Neema alitoka ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi, na bibi yake, Bibi Salome, alikuwa mfinyanzi. Neema aliongea kidogo kama mimi nilivyokuwa, labda ndiyo maana nilimpenda. Mwalimu wao alikuwa Mwalimu Sekela, mwalimu wa fizikia, kijana, mwenye haraka, mzuri sana darasani, na mkali kwa yeyote anayegusa kifaa bila ruhusa.

Swali lao lilikuwa hili: kwenye joto letu la Kyela, maji ya kunywa yanapoa zaidi kwenye ndoo ya plastiki au kwenye chungu, na je, vyungu vya wafinyanzi wote viko sawa? Wakaleta ndoo tano, vyungu vitano vya mfinyanzi mmoja tulivyovinunua sokoni Matema, na vitano vya Bibi Salome. Mkuu wa shule akalipenda jambo hilo, akasema mbele ya shule nzima kuwa kila darasa litawekewa chungu cha maji, na vitanunuliwa kwa mfinyanzi ambaye vyungu vyake vitaongoza. Neema alifika maabara siku hiyo akitabasamu. "Mzee Amba," alisema, "bibi yangu atashinda." Ndilo neno refu alilowahi kuniambia mpaka hapo.

Ijumaa tulivijaza vyungu vyote maji ili vilale hivyo, vipimo vianze Jumatatu. Vile vya Matema vilikaa chini, karibu na mfereji wa kutolea maji, ambako maji yakidondoka hayaonekani. Vya Bibi Salome niliviweka kwenye rafu ya juu, mahali pa heshima. Jumamosi asubuhi nilifungua stoo nikakuta maji yanadondoka kutoka kwenye rafu. Boksi la karatasi za manila lililokuwa chini limelowa. Nikavishika vile vyungu, nje vimelowa kote.

Nikasema moyoni, masikini, vya bibi yake vinavuja.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja kwa wasiotoka kwetu. Sisi watu wa mpunga, chungu kipya hakianzi kazi kabla hakijapikwa. Unachemsha humo pumba za mpunga na maji mpaka uji wake unaingia kwenye udongo na kuziba. Mama yangu alifanya hivyo, mke wangu Tumpe anafanya hivyo, na chungu ambacho hakijapikwa ni kama mtoto ambaye hajanawa uso. Sikufikiri mara mbili. Shule ilikuwa tupu, nikaenda nyumbani kuchukua pumba, nikawasha moto nyuma ya jiko la shule, nikavipika vyote vitano, kimoja baada ya kingine, mpaka alasiri. Nikavisugua, nikavirudisha rafuni, nikavijaza maji. Vikakaa vikavu kabisa. Boksi nalo nikalianika.

Sikumwambia mtu. Nilidhani nimemfichia Neema aibu, na mtu anayemfichia mwenzake aibu hatangazi.

Vipimo vikaanza. Kila siku saa saba mchana Neema alitumbukiza kipimajoto, Bupe akasoma naye kuhakikisha, Lusajo akaandika. Maji ya vyungu vya Matema yalikuwa baridi kuliko ya ndoo, kila siku, bila kukosa. Maji ya vyungu vya Bibi Salome yalikuwa karibu sawa na ya ndoo. Wiki ya kwanza hivyo. Wiki ya pili hivyo.

"Neema," Lusajo akamwambia, "mbona bibi yako anafinyanga ndoo?"

"Niache."

"Siyo utani, dada. Akizipaka rangi ya bluu na kuzitia mpini, nani atajua?"

Bupe akamkanya, "Lusajo, andika, kinywa chako hakina kipimo." Lakini Neema alikuwa ameshageuka dirishani. Siku iliyofuata alimwomba Mwalimu Sekela amtoe kwenye timu. Mwalimu akakataa, akamwambia mtafiti hakimbii majibu.

Jumatano ya wiki hiyo Mwalimu Sekela alikuwa anawaeleza kwa nini chungu kinapoza maji. Mimi nilikuwa stoo napanga chupa, mlango uko wazi. Nikamsikia akisema, "Udongo una matundu madogo sana. Maji yanapita polepole mpaka nje, yanageuka mvuke, na yakigeuka yanaondoka na joto. Chungu kizuri cha maji ni lazima kitoke jasho. Kikikauka nje, hakifanyi kazi."

Nikakaa juu ya gunia la chokaa.

Nataka kusema kuwa nilitoka palepale nikasema ukweli. Sikutoka. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilijua Mwalimu Sekela angesema nini, au nilidhani najua: kwamba haya ndiyo yanayotokea ukimpa mtu wa darasa la saba funguo za maabara. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiambia maneno hayo kwa miaka mingi, sikutaka kuyasikia kwa sauti ya mtu mwingine. Pia nilijidanganya kuwa labda pumba hazina neno.

Ijumaa wakaanza kuandika bango lao la manila. Mwandiko mzuri ulikuwa wa Neema, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika kalamu nene na rula. Nilipita na ndoo ya maji nikasoma mstari wa chini: "Vyungu vya mfinyanzi wa pili havifai kuhifadhia maji ya kunywa." Alikuwa anaupigia mstari kwa rula, taratibu, bila kuuliza, amebana midomo. Aliyesemwa hapo alikuwa bibi yake, naye anapiga mstari ulionyooka.

Nikamfuata Mwalimu Sekela.

"Mwalimu."

"Naam, mzee wangu."

"Chaki zimekwisha."

"Si umeleta boksi asubuhi?"

"Ndiyo. Hazijaisha."

Akaniangalia, akaendelea kusahihisha. Nikarudi stoo. Kinywa kilikuwa kimenishinda, basi nikachukua kaunta buku la timu na kalamu ya wino. Nilianza baada ya chai ya saa nne, nikamaliza kengele ya chakula inagongwa. Yalikuwa maneno haya, nayajua kwa moyo:

"Mimi Ambakisye, mhudumu, ndiye niliyevipika vyungu vitano vya Bibi Salome kwa pumba za mpunga, Jumamosi kabla ya vipimo. Nilidhani vinavuja. Sikumwambia mtu. Vyungu havina kosa. Mfinyanzi hana kosa."

Nikakiacha kitabu wazi juu ya meza yao, nikasimama karibu na mlango. Safari hii stoo nilikuwa nimeifunga mwenyewe.

Lusajo alisoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma kila kitu. Alipofika katikati sauti ikapungua, akamaliza kwa kunong'ona.

"Mzee Amba," Bupe akasema, "ulivipika?"

"Nilivipika."

"Vyote?"

"Vyote vitano."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa vinavuja, mwanangu."

"Havikuwa vinavuja!" Neema akaruka juu. "Vilikuwa vinafanya kazi!"

Kisha akaanza kucheka huku machozi yanatoka, akajifuta kwa kiganja chenye wino, uso mzima ukawa mweusi. Lusajo akamwambia, "Dada, samahani kwa ndoo." Neema akamjibu, "Utakuja kumwambia mwenyewe, na atakupiga na mwiko."

Mwalimu Sekela, aliyekuwa ameingia wakati Lusajo anasoma, hakucheka. Alikichukua kitabu akasoma tena. "Wiki mbili za vipimo, mzee," alisema. "Wiki mbili." Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nilikuwa nimeshaziandaa funguo mkononi. Akaziona. "Funguo za nini? Weka mfukoni. Zimebaki wiki tatu. Kesho nenda ufukweni na Neema mlete vyungu vingine, na vile vya kupikwa msivitupe. Hivyo navyo tutavipima." Halafu, akiwa ameshafika mlangoni, "Na siku nyingine ukitaka kuniambia kitu, usianzie kwenye chaki."

Sijui kama umewahi kubeba gunia la mpunga kutoka shambani mpaka barabarani, ukalitua. Mabega yanapanda yenyewe. Ndivyo nilivyotembea kurudi nyumbani siku hiyo. Tumpe aliniuliza kama nimeugua, kwa sababu nilikuwa naimba.

Bibi Salome tulimkuta uwanjani kwake amekaa chini, anazungusha chungu kibichi kwa mkono mmoja na kukilainisha kwa mwingine. Neema alipiga magoti kumsalimia. Mimi nilitoa shikamoo, kisha nikatoa na hadithi, nikiangalia vidole vya miguu yangu kama zamani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mkono.

"Kwa pumba," alisema.

"Kwa pumba, bibi."

"Na wewe ni mwanaume. Nani alikutuma jikoni?"

"Hakuna."

"Hakuna! Amejituma." Akamgeukia jirani yake aliyekuwa anachoma vyungu. "Msikie huyu. Watu wa mpunga hawa, ukiwapa jiwe watalipika kwanza." Wakacheka wote wawili mpaka akalazimika kukishika kile chungu kisianguke. Kisha akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kuwa chungu cha kupikia na chungu cha maji huvitengeneza tofauti, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akisikia watu wa huko kwetu wanalalamika kuwa vyungu vyake vya maji havipozi, naye hakuwahi kujua kwa nini. "Kumbe wanavipika," alisema. "Miaka yote hiyo. Ndaga, baba. Ndaga fijo." Alinishukuru kwa Kinyakyusa, lugha yangu, ingawa yake ni Kikisi, na mimi nilikuwa nimekuja kuomba radhi.

Alitupatia vyungu vitano vipya. Nilivishika safari nzima, viwili mapajani, vitatu miguuni, na kondakta alipotaka kuvipandisha juu ya gari nilimkatalia kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe.

Wiki mbili zilizofuata timu ilipima makundi manne: ndoo, vyungu vya Matema, vyungu vipya vya Bibi Salome, na vile vitano nilivyovipika. Niliandika lebo mwenyewe, herufi kubwa, na juu ya vile vipya nikaongeza mstari: USIPIKE. Vipya vya Bibi Salome vilitoka jasho mpaka sakafu ikateleza, na maji yake yakawa sawa na ya Matema, siku nyingine yakayazidi. Vya kupikwa vikabaki sawa na ndoo. Bango la zamani lilichanwa. Neema aliandika jipya, na kichwa chake kikawa swali: je, kukipika chungu kipya kunakizuia kupoza maji?

Mbeya nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi, karibu na mlango, kama desturi yangu. Jaji mmoja, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alisimama mbele ya bango letu muda mrefu. Akauliza, "Wazo hili la kulinganisha cha kupikwa na kisichopikwa, mlilipataje?"

Lusajo, ambaye nilimchagua kwa sababu ya mdomo, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Alikuwa ananionea huruma, nilimwona ananitafuta kwa macho. Neema akasogea mbele.

"Hatukulipata, mama. Mhudumu wetu wa maabara alikosea, halafu akaandika. Kitabu hiki hapa."

Jaji akasoma ukurasa wangu. Aliusoma polepole, nikajua anausoma wote. Akauliza, "Yupo?" Neema akanyoosha kidole, na ukumbi mzima ukageuka. Nilisimama. Sikuangalia vidole vya miguu. Niliangalia miwani ya yule mama, na yeye akainamisha kichwa kidogo, kama watu wanavyosalimiana asubuhi, akaenda kwenye meza nyingine.

Hatukushinda. Ushindi ulikwenda kwa timu yenye kitu cha nyaya kilichowaka taa. Lakini hakuna aliyerudi nyumbani na mstari ulionyooka chini ya jina la bibi yake. Mkuu wa shule alinunua vyungu vya madarasa, nusu Matema, nusu kwa Bibi Salome, na Bibi Salome aliviuza kwa sharti moja: nisikaribie jikoni. Kila chungu kinacho lebo yangu mpaka leo. Ukipita kidato cha pili utaikuta imeanza kubanduka. Ibandike tena, Atupele.

Tangu mwaka ule, kila kaunta buku la timu lina ukurasa wa mwisho ambao unajazwa kabla ya bango kuandikwa. Juu yake nimeandika "Nilichokosea". Kila mwanafunzi anajaza, mwalimu anajaza, mhudumu anajaza. Mwanzoni waliandika "hakuna". Niliwarudishia. Mwalimu Sekela alipohamishwa aliniambia kuwa ukurasa huo ndio kitu pekee alichokwenda nacho kutoka kwetu. Wewe usiufute. Na wewe mwenyewe ujaze wa kwanza, ndipo watajaza.

Siku ya kuagwa nilipewa shuka, beseni na hotuba tatu. Nilitakiwa nijibu. Nilisema asante, nikakaa, watu wakapiga makofi kwa ufupi wake. Neema alikuwepo. Sasa anasoma ualimu, na alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka ufukweni na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Bibi yake hawezi kusafiri tena, lakini mikono bado inafinyanga. "Amesema ni cha maji," Neema aliniambia. "Amesema unajua maana yake."

Nilipofika nyumbani Tumpe alikifungua, akakizungusha, akakisifu, akaenda uani. Nikamsikia anachota pumba kwenye gunia.

"Mama," nikamwambia, "acha."

"Niache nini? Kipya hiki."

"Acha hivyohivyo."

Alinishangaa, lakini akarudisha pumba. Tumekiweka pembeni ya mlango, na gunia la sukari tumelihamisha. Kila asubuhi sakafu chini yake imelowa. Tumpe huchukua kitambaa, mimi humwambia asubiri, ninywe kwanza.